Jiwe Pia Hunywa

Nina ushuhuda, na nautoa kwa ajili ya wenzangu wanaoamka alfajiri kushika ndoo na tambara katika nyumba za watu, hotelini, misikitini, makanisani na maofisini. Kazi yetu huhesabiwa kuwa kazi ya nguvu tu, isiyo na elimu ndani yake. Mimi mwenyewe niliichukulia hivyo kwa muda mrefu. Nilibadilika nilipofundishwa jambo moja kuhusu mawe: jiwe hunywa. Kinachomwagika juu yake hukinywa, upesi au taratibu, na anayetaka kukitoa lazima ajue kwanza jiwe lenyewe ni la aina gani na limekunywa nini. Asiyejua hayo mawili atasugua mpaka mikono imchubuke, na doa litabaki pale pale, au litaondoka pamoja na uso wa jiwe.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Riziki ilinipeleka Muscat, kama ilivyowapeleka dada zetu wengi wa pwani. Nyumba niliyoajiriwa ilikuwa ya mama mtu mzima aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jikoni kwake. Tulimwita Bi Mkubwa. Sakafu yote ya chini ilikuwa marumaru nyeupe, ngazi marumaru, meza ya sebuleni marumaru, na jikoni juu ya makabati palitandikwa graniti ya kijivu.

Nilikwenda na ujuzi niliorithi nyumbani. Kwetu birika na sinia za shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka zikawaka, siki hukata mafuta na shombo ya samaki, ukwaju hutoa weusi kwenye vyombo. Ni ujuzi mzuri, na kwa shaba hauna mfano. Kwa jiwe ni habari nyingine kabisa, lakini hakuna aliyetuambia hivyo, wala sisi, wala wale vibarua wa usafi waliokuja siku za sherehe. Wote tulikuwa na kanuni moja: doa likikataa, ongeza dawa, likikataa tena, ongeza nguvu.

Kwenye ile meza ya sebuleni palikuwa na alama nyeupe za mviringo. Ukisimama juu yake huzioni sawasawa. Ukikaa upande wa pili, dirisha likiwa mbele yako, zinajitokeza zote. Nilizifuta kila asubuhi, zisitoke. Kila mgeni alipozigusia, macho yaligeukia upande wangu. Bi Mkubwa hakuwa mtu mkali, lakini aliamini kwamba dawa yangu ndiyo iliyoiharibu meza. Wengi wetu tumeyapitia haya. Nimewajua dada waliokatwa mshahara kwa ajili ya sakafu iliyofifia, na hawakuwa na neno la kujitetea, maana anayeshika tambara ndiye wa kwanza kushukiwa. Nami sikuwa na la kusema. Nilijua tu kwamba si mimi.

Ndipo akaletwa fundi wa marumaru, mzee wa Kihindi kutoka Rajasthan, aje aing'arishe sakafu ya ukumbi. Nilitumwa nimpelekee chai. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya meza, tochi ameilaza juu ya jiwe, mwanga unatambaa usoni pake. Akaniita kwa mkono nitazame. Penye mng'aro mwanga ulipita bila kukwama. Ulipofika kwenye alama ulivunjika, pakaonekana pamepauka, pana chembechembe. Akapitisha ukucha, akaniashiria nami nipitishe. Nikahisi mkwaruzo. Kisha akaniuliza kwa Kiarabu chake cha sokoni: "Nani anakunywa limau hapa?"

Nikamwambia wageni wa alasiri hupewa juisi ya ndimu na nanaa. Akaomba aletewe bilauri wanazonywea. Akaitua juu ya alama, na kitako chake kikakaa juu ya ule mviringo bila kuzidi wala kupungua. Akaihamishia kwenye alama ya pili. Ikaenea vile vile. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni anatazama. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi haya si ya mtoto huyu. Haya ni yetu wenyewe. Mwanangu, niwie radhi."

Radhi ile niliipokea kwa moyo mweupe, na uhusiano wetu ukawa mzuri kuliko awali. Lakini kilichonishika zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwa pale pale mezani muda wote, na nilichokosa ni mtu wa kunionyesha namna ya kuutazama. Tangu siku hiyo, kila fundi yule alipokuja, nilimaliza kazi zangu mapema nikaenda kukaa karibu naye.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutofautisha doa na jeraha. Marumaru ni kalisi kaboneti, asili yake ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Kalisi kaboneti ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika kombe za baharini na matumbawe. Asidi ikiigusa, inaiyeyusha. Ndipo unapoona vipovu vidogo, navyo ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka. Maji safi katika kipimo cha pH yako kwenye 7. Juisi ya ndimu iko karibu na 2. Siki, ukwaju, juisi ya maembe mabichi, achari, soda na dawa nyingi za kuoshea choo zote ziko upande huo wa asidi. Kwa hiyo alama ya bilauri mezani haikuwa uchafu ulioingia ndani ya jiwe. Ilikuwa sehemu ya jiwe iliyoliwa. Hakuna sabuni inayoweza kuifuta, kwa sababu hakuna cha kufuta. Tiba yake ni kuusaga uso wa jiwe kwa diski za almasi, kuanzia za kukwaruza mpaka laini kabisa, kisha kuung'arisha upya.

Doa la kweli ni kinyume chake. Mng'aro unabaki salama, ukilaza tochi mwanga unapita bila kuvunjika, lakini rangi imebadilika kwa ndani. Kitu kimezama kwenye matundu ya jiwe. Hapo sasa ndipo kazi ya kutoa madoa inapoanza, na ndipo nguvu za mkono zinapokuwa hazina maana, kwa sababu tambara haliwezi kufika kule doa lilikojificha.

Jikoni, kando ya jiko, ile graniti ya kijivu ilikuwa na baka jeusi mahali palipozoea kukaa chupa ya mafuta. Fundi akamuuliza Bi Mkubwa kama ana ule udongo ambao wanawake hujipaka usoni, udongo wa Multani. Ulikuwepo. Akaumimina kwenye bakuli, akauchanganya na asetoni, ile ile inayofutia rangi ya kucha, mpaka ukawa na uzito wa siagi ya karanga. Kwanza alizima jiko na kufungua madirisha, kwa sababu asetoni hushika moto upesi na mvuke wake huumiza kichwa. Akaupaka udongo juu ya baka, unene wa kama sentimita moja, akavuka ukingo wa doa pande zote. Akafunika kwa nailoni, akabana kingo kwa utepe wa gundi, akatoboa matundu madogo kwa sindano. Akaniambia nisiuguse mpaka kesho yake.

Kesho yake tukaondoa nailoni, tukauacha udongo ukauke wenyewe. Ulipopasuka nyufa, akauinua kwa kipande cha ubao, si kwa kisu, akaugeuza na kunionyesha upande wa chini. Ulikuwa umekolea mafuta. Udongo ulikuwa umeyavuta kutoka ndani ya jiwe kama utambi wa koroboi unavyoyavuta mafuta ya taa. Asetoni iliyalainisha mafuta, na kadiri ilivyokuwa ikikauka, udongo ulikuwa ukiyanyonya juu. Baka lilififia, halikuisha. Akarudia. Likafifia tena. Doa lililoingia kwa miezi haliwi la kutoka kwa usiku mmoja, na fundi anayekuahidi hivyo ana asidi mfukoni.

Mzee yule aliniambia kwamba udongo huo ndio unaooshea Taj Mahal, na kwamba marumaru ya jengo lile ilichimbwa Makrana, katika jimbo lake la Rajasthan. Baadaye nilikuja kujua kwamba maneno yake ni ya kweli kabisa. Marumaru ya Taj Mahal hugeuka manjano kwa vumbi na moshi wa mji wa Agra, na idara ya serikali ya India inayotunza mambo ya kale imeibandika udongo huo mwaka 1994, tena 2001, tena 2008, tena 2014. Huupaka, huuacha ukauke, kisha huuosha kwa maji safi. Jengo linalotazamwa na dunia nzima halisuguliwi kwa brashi ya chuma wala halimwagiwi asidi. Linabandikwa udongo na kusubiriwa. Nilipolijua hilo niliacha kuionea haya kazi yangu.

Tangu hapo nimefanya kazi na madoa ya kila namna, na nimeona kwamba kila doa lina kinachoweza kulitoa. Mafuta, siagi na krimu hulainishwa kwa asetoni au sabuni nzito ya vyombo. Vitu vitokanavyo na mimea, yaani chai, kahawa, majani yaliyooza chini ya chungu cha maua, na hina, hutolewa rangi kwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Inayouzwa dukani kwa ajili ya vidonda huwa ya asilimia 3; kwa jiwe mafundi hutumia ya asilimia 12, na glavu mikononi. Kwenye jiwe jeusi au la rangi iliyokolea mimi siitumii kabla ya kujaribu mahali palipofichika, kwa kuwa inaweza kulipausha jiwe lenyewe.

Hina ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi tangu niliporudi Mombasa. Harusi zetu hazikosi hina, na kungwi na mashoga wa bibi harusi hukaa chini, juu ya ngazi, juu ya baraza. Tone likianguka likakauka, jiwe jeupe linabaki na alama ya rangi ya machungwa. Watu hukimbilia kusugua, na kusugua hulitandaza doa na kulisukuma ndani. Tone bichi linadonolewa kwa kitambaa kikavu kutoka ukingoni kuja katikati, bila kuburuta. Likikauka, ni bandiko la peroksaidi na udongo mweupe. Kwa marumaru nyeupe napendelea udongo wa kaolini kuliko wa Multani, kwa sababu udongo wenye chuma unaweza kuacha rangi yake mwenyewe.

Manjano nayo ina tabia ya peke yake. Bibi harusi anasingwa, singo ina manjano, sakafu inapata lake. Ukiligusa doa hilo kwa sabuni yenye magadi, litageuka jekundu mbele ya macho yako, na aliye karibu atapiga ukelele kwamba umeiharibu nyumba. Hujaiharibu. Rangi ya manjano hubadilika kuwa nyekundu ikikutana na magadi, na suuza ya maji mengi huirudisha. Kisha liachie jua. Rangi ile haivumilii mwanga; pakiwa na dirisha, fungua pazia, doa litapungua siku hadi siku, na kilichobaki utakimaliza kwa bandiko. Nimemtuliza mama mmoja wa Kibokoni kwa maneno hayo hayo, akiwa amejishika kichwa, na baada ya muda akaniletea sahani ya mahamri kwa furaha.

Kutu ndilo doa gumu kuliko yote. Mtungi wa gesi ukiachwa kwenye sakafu yenye maji, au kiti cha chuma kikikaa uani msimu mzima wa mvua, jiwe linaonja chuma, na chuma kikishaingia kinang'ang'ania. Dawa nyingi za kutoa kutu ni asidi, kwa hiyo zitatoa kutu na mng'aro kwa pamoja. Nyingine zina asidi ya haidrofloriki, inayokula hata graniti, na graniti ni jiwe ambalo ndimu hailiwezi. Asidi hiyo ikimgusa mtu ngozini hupenya mpaka kwenye mfupa, na inaweza kumuua. Hakuna sakafu yenye thamani hiyo. Mwajiri akikupa chupa isiyo na maandishi akakwambia hii inatoa kila kitu, iweke chini umuulize ndani mna nini.

Na hapa nataka nisikike vizuri. Jiki haichanganywi na dawa ya choo, haichanganywi na siki, haichanganywi na amonia. Gesi inayotoka hapo hubana kifua na kuunguza mapafu, na wenzetu wengi wamekohoa usiku kucha wakidhani ni mafua. Anayefundisha usafi bila kufundisha hilo hajafundisha kitu.

Si kila rangi iliyo juu ya jiwe ni uchafu, na hilo nalo limeugharimu ulimwengu. Mwaka 1937 na 1938, katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London, wafanyakazi waliagizwa kuzisafisha sanamu za marumaru za hekalu la Parthenon, zilizotoka Athens. Ilitakiwa ziwe nyeupe. Wakazikwangua kwa vyombo vya shaba na unga wa kusagia, wakaondoa uso wa rangi ya asali uliojengeka kwa karne nyingi. Marumaru hiyo ina chuma kidogo ndani yake, na hewa huigeuza rangi taratibu. Kilichokwanguliwa hakirudi. Nikisikia habari ile huwafikiria wale waliokuwa na vyombo mikononi. Walikuwa watu wa kazi, waliagizwa, na sidhani kama kuna aliyewaambia kile walichokuwa wakikigusa.

Niliporudi nyumbani niliyaona majumba yetu kwa macho mengine. Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, vyote vimesimama kwa jiwe la matumbawe na chokaa. Jiwe hilo lina matundu mengi kuliko marumaru, na linakunywa unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari mchana na usiku. Ule unga mweupe unaotoka chini ya kuta ni chumvi inayobaki maji yakishakauka. Watu huuosha kwa maji, na maji yanairudisha chumvi ndani, ikauke itoke tena, huku ikiumega ukuta. Dawa yake ni kuusugua mkavu kwa brashi laini, kuufagia na kuutupa mbali, kisha kutafuta maji yanaingilia wapi. Mara nyingi chanzo ni saruji. Mtu amepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa akidhani ameuimarisha, kumbe ameufungia unyevu usipate pa kutokea. Lipu ya chokaa huuacha ukuta upumue. Wazee wetu walijua hayo bila maabara.

Siku hizi naitwa kwa ajili ya mawe tu. Naitwa na wenye nyumba, na wasimamizi wa hoteli, na watu wa misikiti ambao sehemu zao za kutawadhia zimejaa ukoga wa maji. Sianzi kazi kwa kufungua chupa. Naanza kwa kuuliza: jiwe hili lilinunuliwa kwa jina gani, nini kilimwagika, lini, na nani ameshajaribu nini. Halafu nadondosha tone la maji. Jiwe likiwa jeusi palepale baada ya dakika chache, najua linakunywa upesi na kinga yake imekwisha; madoa yakishatoka, nitalipaka dawa ya kuziba matundu. Nayo dawa hiyo haiwi ngao, inakupa tu nafasi ya kupangusa kabla kitu hakijazama, wala haiizuii asidi kula marumaru.

Nina wasichana ninaowafundisha. Wa kwanza wao aliwahi kuambiwa na mwajiri kwamba ameipausha sakafu ya bafu. Akapiga magoti, akalaza tochi ya simu, akamwonyesha kwa adabu kwamba kupauka kumefuata njia ya maji yanayochuruzika kutoka kwenye chupa ya dawa ya choo, na kwamba dawa yenyewe ilinunuliwa na mwenye nyumba. Hakupandisha sauti. Hakukatwa mshahara. Aliporudi kunisimulia, nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mzee wa Rajasthan, popote alipo, kwa kuwa hakuona ajabu kumwita mtumishi wa nyumba aje atazame.

Ombi langu ni kwa wanaojenga na wanaoajiri. Unapotandika jiwe nyumbani kwako, andika jina lake, na usitupe vipande vilivyobaki. Weka kimoja stoo. Kwenye kipande hicho tone la ndimu litakuambia kama jiwe lako ni la jamii ya chokaa, na dawa yoyote mpya itajaribiwa hapo kabla ya kugusa sakafu. Kisha mwite anayekusafishia, umwonyeshe jiwe, umwambie jina lake na vitu visivyotakiwa kulikaribia. Mazungumzo hayo hayachukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Na wewe mwenzangu wa ndoo na tambara, ukiingia nyumba mpya na hukuambiwa, uliza. Una haki ya kujua unachokishika, na una haki ya kukataa chupa usiyoijua. Kazi yetu ina elimu ndani yake. Mimi nimeipata nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na kila niliyempa, imemsimamisha.